Joka Lilikuwa la Rangi Gani?

Wiki iliyopita niliwaacha nimesimama katikati ya sebule, mke wangu anafunga zipu ya begi, na mimi namsaidia kukunja nguo ili angalau aniache vizuri. Mmenicheka. Najua mmenicheka. Mwenye duka la karibu na kwangu aliwasomea wateja kipande kizima kwa sauti, bila kujua kwamba mwenye hadithi ndiye yule anayengoja sabuni. Nilicheka nao. Ningefanyaje?

Kwa aliyechelewa kufika, nimweke sawa kwa ufupi, maana balaa zangu zina foleni.

Mimi ni fundi rangi. Nimepaka nyumba za watu miaka kumi na tisa. Na rangi sizioni.

Tulia, usigeuze ukurasa. Buluu naiona. Manjano naiona. Lakini nyekundu, kijani na kahawia kwangu ni pacha watatu ambao hata mama yao huwaita kwa kubahatisha. Nilizaliwa hivyo. Nimeishi kwa kusoma maandishi ya kwenye kopo na kuandika jina la rangi juu ya kila kifuniko. Siri hiyo niliilinda kuliko wengine wanavyomlinda mke wa pili, mpaka mtunza stoo mmoja alipochanganya vifuniko, nami nikapaka chumba cha kungojea cha daktari wa meno rangi ya damu badala ya rangi ya majani. Daktari alisimama mlangoni akaniuliza, "Fundi, ndiyo unawaandaa wagonjwa wangu kisaikolojia?"

Tangu siku hiyo simu yangu inalia kwa wanaokosea namba tu.

Mke wangu alikuwa fundi cherehani. Miaka sita iliyopita presha ya macho ilimzimia taa ya kulia, kisha ya kushoto. Mimi nikawa macho yake. Kila Jumamosi mchana tulikwenda sinema, viti vitatu vya mwisho ukutani, viwili vya kwetu na kimoja cha mkoba na fimbo, ili nimnong'onezee bila kuudhi watu. Kila alichotaka kujua nilimwambia. Na rangi zote nilizomwambia kwa miaka hiyo sita nilizitunga mwenyewe.

Basi ikaja hii filamu ya katuni ambayo kila mtu anaizungumzia. Joka limemeza rangi zote za dunia, mji umebaki majivu, na msichana mmoja mkorofi anakwenda kulidai. Tukaitazama. Nikamwambia mke wangu joka ni la kijani. Jumatano dada yake akampeleka kuitazama tena pamoja na wanawe. Aliporudi aliketi, akavua viatu, akaniuliza taratibu kabisa:

"Fundi, lile joka lilikuwa la rangi gani?"

"Kijani," nikasema, bila hata kukohoa. "Kijani kama majani baada ya mvua."

Akavivaa viatu tena. Kisha akaenda kulitafuta begi.

Sasa tuko pamoja. Sogeza kiti.

*

Mtu akikuacha, usidanganyike kwamba kinachouma ni kitanda. Kitanda unakizoea, unalala katikati kama sultani. Kinachouma ni mazoea ya mdomo.

Kwa miaka sita nilikuwa natangaza kila kitu. "Ngazi tatu, kisha mlango." "Shimo kulia kwako." "Sahani ni uso wa saa: chai iko saa tatu, kijiko saa tisa." Sasa mwenye masikio amekwenda, lakini mdomo haukupata barua.

Alhamisi asubuhi nilijikuta nalisimulia birika. "Linachemka sasa. Mvuke unapanda. Kifuniko kinachezacheza." Nikajinyamazisha. Nikamimina chai vikombe viwili. Nikakitazama kile cha pili mpaka kikaota ngozi.

Njiani ndiyo usiseme. Nilikuwa napita sehemu wanapochimba mtaro, nikasema kwa sauti, "Tope, inua mguu!" Mama mmoja aliyekuwa mbele yangu akainua mguu. Akageuka. Akaniangalia mimi, akaangalia chini, palikuwa pakavu pale alipokanyaga.

"We baba, u mzima?"

"Mzima, mama. Namwambia mwenzangu."

Akatazama pembeni yangu. Hapakuwa na mtu. Akaongeza mwendo.

Ijumaa nikampigia shemeji. Shemeji yangu huyu ni dada mkubwa wa mke wangu, mwalimu wa hesabu, na hajawahi kunipenda. Anasema nina mdomo mtamu, na kwake huo ni ugonjwa.

"Shemeji, shikamoo."

"Marahaba. Hataki kuongea na wewe."

"Sijaomba bado."

"Nakuokolea muda."

"Basi nimwombe radhi tu, dakika moja."

Nikasikia ameziba simu kwa kiganja. Wakaongea. Sauti ya mke wangu nilisikia kama ya mtu aliye ndani ya mtungi. Kisha shemeji akarudi.

"Anasema hivi: ukitaka kuongea naye, umletee jambo ambalo hajawahi kulisikia kutoka kwako."

"Jambo gani?"

"Mimi ni mjumbe. Na ufanye haraka, maana Jumatatu nampeleka kwa mama."

Nikakaa kitako. Kwa mama yao ni safari ya kutwa nzima, na kule chumba cha mke wangu kimeshafagiliwa. Mama huyo alishasema siku nyingi: mwanangu haoni, arudi nimtunze. Mtu akiingia kwenye ile nyumba hatoki. Nimewaona wajomba wawili walioingia kwa wiki moja. Mmoja yuko mwaka wa tisa.

Kwa hiyo nilikuwa na Jumamosi na Jumapili.

Jambo ambalo hajawahi kulisikia kutoka kwangu! Nikalizungusha kichwani usiku kucha kama mtu anayetafuta ufunguo alioushika mkononi. Na kufikia asubuhi, mimi bingwa, mimi mwenye akili zangu, nikawa nimepata jibu.

Rangi za kweli.

Hajawahi kusikia rangi za kweli kutoka kwangu. Basi nitakwenda kuzitafuta, moja baada ya nyingine, nizihifadhi kichwani, nikamsomee filamu nzima upya bila kosa hata moja. Joka, mto, milima, mpaka vifungo vya koti. Atajua nimejirekebisha.

Usinitukane bado. Ngoja kwanza uone nilivyolitekeleza.

*

Jumamosi ilikuwa siku ya mwisho ya filamu ile. Nilifika mapema. Anayekata tiketi pale ni mwanamke mtu mzima wa miwani minene, tunamwita Mama Tiketi, na ana desturi yake: wateja wa siku zote hawaulizwi watakaa wapi. Akikuona tu, mkono unakwenda kwenye viti vyako.

"Viwili?" akasema, ameshavikata.

"Kimoja, mama."

Miwani ikapanda. "Mwenzako anaumwa?"

"Amesafiri."

"Hm." Alirarua tiketi moja taratibu, kama mtu anayevunja mkate msibani. "Kilekile cha ukutani."

Ndani, mlangoni mwa ukumbi, kuna binti anayeuza bisi. Ndiye niliyemfuata.

"Dada, hii filamu umeiona?"

"Naichungulia kupitia ule upenyo wa mlango, mjomba. Mara kumi na moja sasa. Mwanzo siujui, lakini mwisho naweza kukuchezea."

"Rangi zake unazikumbuka?"

"Rangi ndiyo filamu yenyewe!"

"Basi nitajie. Joka?"

Akaniangalia. "Mjomba, si unaingia kuitazama? Nikutajie ya nini?"

"Nimesahau miwani nyumbani."

Uongo mwingine huo. Yaani nilikuwa njiani kwenda kuacha uongo, nikasimama njiani nikanunua mwingine.

"Joka jekundu," akasema. "Jekundu la nyanya iliyoiva, halafu tumboni linaingia rangi ya chungwa."

Nikachukua mfuko mtupu wa bisi, ule wa karatasi ngumu, nikatoa kalamu. JOKA: JEKUNDU, NYANYA.

"Mto?"

"Zambarau."

"Hakika? Siyo buluu?"

"Mjomba, nani amesahau miwani hapa?"

MTO: ZAMBARAU.

"Milima?"

"Waridi. Inatembea ile milima, ina miguu."

"Miguu naiona. Koti la msichana?"

"Kijani. Vifungo vyekundu."

Nilikuwa nimeitazama filamu hiyo saa mbili nzima nisijue kwamba koti lile lina vifungo.

Tukafika mistari tisa. Binti akanipimia bisi kwenye mfuko mwingine, akacheka. "Mjomba unafanya mtihani?"

"Mkubwa."

"Basi usikariri kama kasuku. Mwalimu atajua."

Nikaona ana hekima. Chini kabisa ya ile orodha nikaandika sentensi moja ya kujikumbusha, nikaipigia mstari. Sitakutajia sasa. Utaijua, kwa masikitiko yangu.

*

Nikakaa kwenye kiti changu cha ukutani. Mfuko wenye orodha mfukoni mwa shati, mfuko wenye bisi mapajani. Viti viwili vya pembeni yangu vitupu. Taa zikazimwa, matangazo yakaanza.

Katikati ya tangazo la pili mlango ukafunguka. Tochi ya Mama Tiketi ikaingia kwanza, ikimulika sakafu, na nyuma ya tochi nikasikia kitu nilichokuwa nakisikia ndotoni tangu Jumatano. Tik. Tik. Tik. Ncha ya fimbo kwenye ukingo wa ngazi.

"Hatua mbili tena," Mama Tiketi alisema. "Kushoto. Viti vyenu vilevile."

"Asante, mama."

Mke wangu. Katika sweta aliyoifuma mwenyewe, mkoba kifuani, shingo imepungua.

"Dada yako hakai nawe?"

"Yuko madukani. Atanifuata ikiisha. Nimeshasimuliwa mara mbili, kila mtu na yake. Leo nataka kuisikia mwenyewe."

Tochi ikapanda ikanimulika usoni. Nikaweka kidole mdomoni, nikakunja uso wangu wote uwe ombi. Mama Tiketi alinitazama muda mrefu. Amesafiri, eh? Miwani yake ilisema hivyo. Kisha akamkalisha mke wangu kiti cha kando ya njia, akaacha kimoja kitupu katikati yetu, akazima tochi akaenda zake.

Msomaji wangu, wewe ungefanyaje?

Nikisema, anaweza kunyanyuka akaondoka, na Jumatatu kile chumba kikammeza. Nisiposema, ninamchungulia mtu asiyeona, gizani, kwa siri, na hakuna jina zuri la kitendo hicho. Nilikuwa na bisi moja juu ya ulimi. Sikuthubutu kuitafuna. Iliyeyuka polepole kama ndoa yangu.

Filamu ikaanza.

Niseme kitu kuhusu filamu ile. Nusu ya kwanza mji wote ni majivu, maana joka limeshameza. Mitaa ya majivu, nguo za majivu, matunda sokoni kama mawe. Watu ukumbini wanaguna kwa huzuni. Mimi nilikaa pale nikiwa na raha ya ajabu. Kwa saa nzima nilikuwa naona kile wanachokiona wote. Sikumbuki lini mara ya mwisho nililingana na watu.

Na kila kilichochorwa mle kilichorwa na wenye wazimu wao mzuri. Milima inatembea na mawe yanaporomoka mabegani mwake. Msichana analala ndani ya kengele. Mvua inaanguka kwenda juu. Nilitazama kwa jicho moja. La pili lilikuwa kwa mke wangu. Alikuwa ameketi wima, mikono juu ya mkoba, anasikiliza kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani.

Kisha ikafika sehemu ile.

Msichana amesimama mbele ya joka. Hakuna anayesema. Kwa dakika nne nzima filamu ile haina neno, ni muziki tu. Joka linafungua mdomo na kurudisha rangi zote. Ukumbi mzima ukavuta pumzi.

"Aaaah!"

Watoto wakasimama kwenye viti. Mbele yetu mwanaume mzima alimshika mkewe mkono. Na mimi, kama kawaida, nilikuwa nje ya dirisha natazama karamu.

Hapo ndipo nilipomwona. Mke wangu aliinamisha kichwa kushoto. Kidogo tu, sikio mbele, kama alivyofanya kila Jumamosi kwa miaka sita filamu ilipokosa maneno. Kushoto kwake kulikuwa na kiti kitupu. Alikiinamia kiti kitupu. Akakumbuka. Akakirudisha kichwa wima.

Nimefiwa, nimefukuzwa kazi, nimekunywa chai na kikombe kisicho na mtu. Sijawahi kuona upweke kama ule wa shingo kurudi wima.

Nikahamia kiti cha katikati.

Mfuko wa orodha ulikuwa mkononi tayari. Mwanga wa lile joka ulitosha kabisa kusoma. JOKA: JEKUNDU, NYANYA. Nikafungua mdomo. Neno la kwanza lilikuwa pale pale juu ya ulimi, safi, la kweli, halina kosa.

Na sikuweza. Sijui niwaelezeje. Lilikuwa neno la binti wa bisi. Nilikuwa nakaribia kumpa mke wangu macho ya mtu mwingine niseme ni yangu, kama kawaida, ila safari hii kwa usahihi.

Nikaurudisha mfuko kwenye shati.

"Sijui ni la rangi gani," nikanong'ona.

Hakushtuka. Hakugeuka.

"Joka limefungua mdomo mpana kama mlango wa gereji. Kuna kitu kinatoka, kama maziwa yanavyopanda kwenye sufuria, kinafurika, kinatambaa juu ya mapaa. Buluu naiona, imeingia kwenye madirisha yote kwa mpigo. Manjano naiona, inapita mtaani kama mtu aliyechelewa. Lakini kuna kitu kingine kimewaangukia watu kwenye nguo, wanajishika, wanalia, wanaonyeshana. Hicho mimi sikioni. Sijawahi kukiona. Nyekundu sijui ikoje, mke wangu. Kijani sijui. Nilizaliwa hivi. Yote niliyokuambia niliyatunga, kwa sababu fundi rangi asiyeona rangi ni kichekesho, na mume wa asiyeona naye asipoona, nani atakuwa macho?"

Muziki ukaendelea. Rangi nisizoziona zikaendelea kumwagika juu ya mji.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza."

"Nilijua upo tangu tangazo la pili. Unanuka tapentaini."

"Sijagusa brashi mwezi mzima!"

"Imeshaingia kwenye damu, Fundi." Akauweka sawa mkoba mapajani. "Na hilo la rangi nalijua tangu mwaka wa pili wa ndoa."

Nilidhani nimesikia vibaya. "Lipi?"

"Nilikutuma uzi mwekundu ukaniletea kijani. Nikakutuma tena, ukaleta kahawia, ukasema dukani umeme ulikatika. Mara ya tatu nikakuandikia namba ya uzi kwenye karatasi. Kuanzia hapo miaka yote nilikutuma kwa namba. Hukujiuliza kwa nini?"

"Nilidhani unapenda namba. Dada yako si mwalimu wa hesabu?"

Akacheka. Walahi alicheka, kwa pua, kile kicheko chake cha kubana. Mwanaume wa mbele akageuka.

"Jamani, kama mna kesi nendeni mahakamani. Wengine tunaangalia joka."

"Samahani, ndugu," nikasema. Kisha nikamrudia. "Sasa kama ulijua, miaka sita yote hii ulikuwa unaniuliza rangi za nini?"

"Nilipenda kukusikia unahangaika. Kuna siku ulimpaka punda zambarau."

"Hukusema kitu!"

"Nilitaka nione utajinasuaje. Ukasema ni kivuli cha mti." Kicheko kikaisha. Sauti ikashuka. "Lakini Jumatano ile haikuwa mchezo. Watoto wa dada walinicheka niliposema joka ni la kijani, dada akasema mumeo anakudanganya mpaka katuni. Nikawaambia ngojeni, nikimuuliza ataniambia. Miaka kumi na moja namngoja aniambie, leo ataniambia. Nikaja nyumbani. Nikakuuliza polepole, peke yetu. Nilikufungulia mlango, Fundi. Wewe ukaupaka rangi."

Mimi! Nikakaa na mdomo wangu mtamu, mtupu.

"Sweta niliyovaa ni ya rangi gani?" akauliza ghafla.

Niliitazama. Kwa mwanga wa filamu ingeweza kuwa chochote kati ya wale pacha watatu.

"Sijui."

"Sema tena."

"Sijui."

Akavuta pumzi ndefu, akaegemea kiti. Bega lake likaligusa langu, likabaki pale. Tukaimaliza filamu hivyo hivyo. Nilimsimulia umbo tu, na mwendo, na nyuso. Mara mbili aliuliza kitu nikajibu sijui, na mara zote mbili nilihisi bega likinielemea zaidi.

*

Taa zikawaka. Watu wakaanza kutoka, wanapangusa macho, watoto wanaunguruma kama majoka. Sisi tulikaa mpaka safu zikapungua, kama zamani.

"Na Jumatatu?" nikauliza.

"Jumatatu ni kesho kutwa."

"Hilo najua. Nauliza utakuwa wapi."

Alikunja fimbo yake, kipande juu ya kipande, akaitia mkobani. Kwa wasiojua: mwenzangu haikunji fimbo yake hivi hivi. Anaikunja anapokuwa tayari kushika kiwiko cha mtu.

"Simama," akasema. "Nipe kiwiko."

Nilisimama kwa pupa. Bisi za mapajani zikamwagika zote, na nilipoinama kuziokota, kitu kikateleza kutoka mfuko wa shati langu kikaanguka ngazini kwa mlio wa karatasi ngumu.

"Nini hicho?"

"Mfuko wa bisi," nikasema. Ilikuwa kweli. Msinihukumu, ilikuwa kweli tupu.

"Oho! Kumbe na huyu yupo!"

Shemeji alikuwa amesimama chini ya ngazi, na mifuko yake ya madukani, na uso wake wa kusahihisha mitihani. Akapanda. Akatutazama. Akaona fimbo haipo. Akaona kiwiko changu kimetoka. Kisha akaona kile kilichokuwa mbele ya kiatu chake, akainama akakiokota, maana mwalimu hawezi kupita karatasi yenye maandishi.

"Shemeji, nipe hiyo," nikasema.

"Ya kwako?"

"Nipe tu, shemeji, tafadhali."

Hapo ndipo nilipokosea mara ya mwisho kwa siku ile. Ningesema tu ni nini. Mkono wa mke wangu ulikuwa umeshaanza safari, vidole mbele, unakitafuta kiwiko changu hewani. Nilimwambia yote gizani mle. Yote, isipokuwa ule mfuko.

"Imeandikwa nini?" mke wangu akauliza.

Shemeji akaunyoosha mfuko. Akasoma kwa sauti ya darasani.

"'Joka: jekundu, nyanya. Mto: zambarau. Milima: waridi. Koti la msichana: kijani, vifungo vyekundu.'" Akashusha macho mpaka chini. "Na hapa pamepigiwa mstari. 'Zisome kama unaziona.'"

Ukumbini tulikuwa tumebaki sisi watatu na mfagiaji.

Mkono wa mke wangu ulikuwa umebakiza upana wa kidole kufika kwenye kiwiko changu. Ukasimama pale pale hewani, haurudi, hauji.

"Fundi," akasema, kwa ile sauti ya Jumatano, taratibu kabisa. "Hiyo umeiandika lini?"